Mtufaha wa Nyumba ya Fennings

Kibao cha "Inauzwa" kilipigiliwa langoni mwa Fennings asubuhi moja ya mwezi wa tisa, na kabla ya chakula cha mchana kijiji kizima cha Hallingsett kilikuwa kimeshakisoma, ingawa hakuna aliyekiri kwamba alikwenda kukisoma. Mmoja alikuwa anamtembeza mbwa. Mwingine alikuwa anapeleka barua posta, na posta iko upande wa pili kabisa. Ndivyo walivyo watu wa Suffolk, mashariki mwa Uingereza. Watazunguka kijiji kizima ili mradi waonekane wanapita tu.

Dalali alikuwa ametoa na kijitabu cha mauzo, karatasi nene za kung'aa, picha zote zimepigwa siku ya jua. Kilisema Fennings ilijengwa na tajiri wa vitambaa miaka zaidi ya mia tano iliyopita, kwamba maboriti yake ya mwaloni ni yale yale ya siku ya kwanza, na kwamba bustani yake inasifiwa na wajuzi wa nchi nzima. Bei siitaji, maana utadhani nakutania. Ila ukikwangua chokaa ya kuta zile utakuta fito, udongo, majani makavu na samadi ya ng'ombe, sawa na nyumba yoyote ya udongo unayoijua wewe. Tofauti ni kwamba hii inalindwa na sheria, na mwenye nyumba hawezi kubadili hata dirisha bila kuomba ruhusa halmashauri.

Kijitabu kilitaja pia "chumba cha kusomea chenye utulivu, kinachotazama bustani." Avis Borrett alikisoma akiwa amesimama jikoni mwa nyumba hiyo hiyo, kitambaa cha vumbi begani, akaguna. Ndimo alimozaliwa.

Avis alikuwa amepita miaka sabini na tano, mfupi, mikono mikubwa, na mwendo wa mtu ambaye birika lake linachemka mahali fulani. Alikuwa msafishaji wa Fennings kwa miaka arobaini. Na katika miaka yote hiyo hakuwahi kumwambia mwenye nyumba, Bi. Cecily Lovatt, kwamba alizaliwa chini ya paa lile.

Usishangae. Zamani Fennings haikuwa nyumba ya wenye pesa. Biashara ya vitambaa ilipokufa, mwenye shamba aliigawa nyumba vipande vitatu kwa kuta za mbao, akaingiza familia tatu za vibarua wake. Akina Garrod, wazazi wa Avis, walikaa kipande cha katikati, chumba kimoja chini na kimoja juu, choo cha ndoo uani, bomba moja la maji kwa nyumba zote tatu. Upepo ulipita kwenye nyufa mpaka mishumaa ikazimika, na mama alikuwa anaziba kwa magazeti na uji wa unga. Palipo na mawaridi leo palikuwa na banda la nguruwe. Halafu wakaja mabwana wa halmashauri na kofia zao, wakaangalia, wakasema nyumba haifai kukaliwa na binadamu. Familia zote tatu zikahamishiwa nyumba mpya za halmashauri, barabara ya kanisani, zenye choo cha ndani. Siku ya kuhama mama yake Avis alilia, na majirani wakasema maskini, analia kwa furaha.

Hakuwa analia kwa furaha. Alikuwa anamwacha mtoto.

Avis alikuwa na miaka saba mama yake alipojifungua mtoto wa kiume mle chumbani, majira ya theluji, mkunga bado yuko njiani na baiskeli yake. Mtoto hakulia. Hakupumua hata mara moja. Na kwa kuwa hakubatizwa, kasisi wa wakati ule alisema pole sana lakini hana nafasi yake uwanja wa kanisa. Basi baba alikwenda duka la kijiji akaomba kasha la bati la biskuti, lile kubwa la dukani, akamlaza mtoto humo na shali ya mama, akamzika mwisho wa uwanja kabla hajakwenda kulisha ng'ombe wa watu. Jioni mama alikwenda kando ya shamba akang'oa mche wa mtufaha-mwitu, akaja nao kwenye aproni, akaupanda pale.

Mti ule huzaa vitufaha vidogo, vikali, havitafuniki. Lakini ukivichemsha na sukari vinatoa jemu nyekundu ya kupendeza. Ulipozaa mara ya kwanza mama alivichuma vyote, akavipika, akampakia Avis kwenye mkate. "Kula," alisema. "Naye atoe chochote nyumbani, kama wenzake." Avis akala. Hayo ndiyo maneno pekee aliyowahi kumsikia mama yake akisema juu ya mtoto yule.

Baada ya kuhama, nyumba ilibaki tupu, kunguru wakapanga dohani, na ilikuwa ibomolewe kabisa. Avis alikua, akafanya kazi kiwanda cha kuku, akaolewa na Ron Borrett, dereva wa trekta, mtu mpole aliyependa mchezo wa vishale baa kuliko maneno. Wakapata mtoto mmoja, Keith, ambaye sasa anatengeneza mitambo ya kupasha nyumba joto huko Ipswich. Kisha wakaja akina Lovatt kutoka London, mume daktari wa macho, mke mtu wa maua, wakainunua Fennings kwa bei ya kutupa na kuanza kubomoa kuta za mbao ili irudi kuwa nyumba moja. Wiki hiyo hiyo Avis aliacha kazi ya kiwandani akaenda kubisha mlango wa jikoni.

"Nasikia mnatafuta mtu wa usafi."

"Oo, kweli tunatafuta," Cecily alisema, nywele zimejaa vumbi la chokaa. "Unaijua nyumba hii?"

"Kidogo," Avis akajibu.

Basi ikawa hivyo. Mwanzo aliona haya kusema. Wenyewe ndio kwanza wanaisifia nyumba yao, uwaambie palipo piano palikuwa na ndoo ya mikojo? Akasubiri wakati mzuri. Wakati mzuri haukuja, na baadaye ukawa umeshapita. Mtu umefuta meza yake miaka sita, umempelekea chai, umemzika paka wake, humwendei ghafla ukamwambia, bwana, hapa unaposomea magazeti ndipo mama yangu aliponizaa. Kwingine watu wangecheka wakapikiana pilau. Hallingsett, mtu angekufa kwa haya, na wa pili angekufa kwa kumwonea haya wa kwanza.

Hofu ya kweli ilimpata mara moja tu, akina Lovatt walipoanza bustani. Walimleta fundi wa bustani kutoka mbali. Akachora mfereji wa maji ulionyooka kutoka baraza ya nyuma mpaka mwisho wa uwanja, na kigingi kimoja kikapigwa karibu kabisa na mtufaha. Trekta ya kuchimba ikaanza kazi. Ijumaa ile Avis alirudi nyumbani akashindwa kula. "Nitasema Jumatatu," alimwambia Ron. "Liwalo na liwe, nitasema." Jumatatu akaingia na maneno yake mdomoni, akachungulia dirishani, akakuta vigingi vimehamishwa. Mfereji ulikuwa umepindishwa, unauzunguka mtufaha kwa mbali, kisha unarudi njia yake. Avis alishukuru Mungu, akavaa aproni, akanyamaza.

Sasa ucheke kidogo. Kona ile ndiyo iliyoipa bustani sifa. Kila mwezi wa sita Fennings hufunguliwa siku moja kuchangia ukarabati wa paa la kanisa, watu wanalipa kiingilio, wanatembea na kofia za majani, wanakula keki. "Angalia pale maji yanapopinda!" wanaambizana. "Ujasiri gani huo!" Mmoja aliandika makala ndefu kwamba kona ile inampa mtazamaji hisia ya kitu kilichofichwa. Avis alikuwa anawamiminia chai, anawauliza sukari vijiko vingapi.

Kila mwaka alichuma vitufaha vya mti ule, kwa ruhusa, akapika jemu kwake. Na kila Krismasi alimletea Cecily chupa moja, na utepe.

"Avis, mpenzi, usingejisumbua."

"Si kitu, Bi. Lovatt."

Kwake haikuwa si kitu. Ilikuwa njia yake ya kumpa mwenye nyumba fungu lake, bila maneno.

Tuje kwenye kibao. Daktari Geoffrey Lovatt alikuwa ameshafariki, na Ron pia. Cecily alikuwa na miaka themanini na tano, magoti yamechoka na ngazi, na binti yake amemtafutia nyumba ndogo ya wazee huko mjini Bath, karibu naye. Hilo Avis alilielewa. Alilia kidogo stoo, akanawa uso, akaendelea.

Walipoletwa wanunuzi ndipo mambo yalipomwingia. Waliitwa Hartnoll, mume na mke, vijana wa miaka arobaini na kitu, buti zao mpya hazijawahi kuona tope. Dalali wa mauzo, Giles Tranter, alivaa koti la kijani na kutabasamu muda wote. Avis alikuwa anaosha vyombo, dirisha liko wazi, nao wako uwanjani.

"Bwawa la kuogelea tutaliweka hapa," alisema Bwana Hartnoll. "Jua lote la mchana liko hapa."

"Na huu mti?" mkewe akauliza.

"Kichaka hiki? Mashine inakimaliza kabla ya chai."

"Hamna tatizo kabisa," Giles akadakia. "Nyumba ndiyo inayolindwa. Vitufaha havina mlinzi."

Wakacheka. Avis aliendelea kuosha kikombe kile kile mpaka maji yakapoa. Mashine ikichimba bwawa haichagui, itamtoa mdogo wake na udongo, imtupe kwenye lori la kifusi. Alijua pia kwamba kusema ni kumharibia Cecily mauzo. Nani anunue nyumba yenye kaburi uani? Na Cecily aliihitaji ile pesa, ya Bath haikuwa bei rahisi.

Siku ya kusafisha shaba za kanisani alimweleza rafiki yake Pauline Nunn, ambaye walisoma naye darasa moja na ambaye ulimi wake hauna breki. Pauline aliweka kinara chini.

"Ngoja kwanza. Miaka arobaini, na hujamwambia?"

"Haikutokea nafasi."

"Haikutokea nafasi! Shoga, hata jiwe lingekuwa limeshasema. Na mimi mwenyewe ndio leo unaniambia? Tumekaa dawati moja!"

"Usipige kelele, tuko kanisani."

"Mungu anajua tayari, ni mimi tu ndiye sikujua." Pauline akapangusa macho kwa kitambaa cha shaba, akajipaka weusi shavuni. "Unafanya nini sasa? Utasimama na kikombe chako umwangalie akifukuliwa?"

"Mauzo yataharibika, Pauline. Mama wa watu ana miaka themanini na tano."

"Na wewe una mingapi? Mwoga kama kuku wewe! Kiwandani ulikuwa unawanyonyoa, sasa umegeuka mmoja wao."

Avis alicheka bila kutaka. Lakini aliporudi Fennings kesho yake bado hakusema. Alimkuta Cecily amekaa kwenye kiti chumba cha mbele, amezungukwa na maboksi, anaamua vijiko vipi viende Bath. Akamtuma Avis aanze stoo ya chakula.

Stoo ya Fennings ni ndefu, nyembamba, baridi hata kiangazi. Avis aliipangusa kila wiki, lakini rafu za juu kabisa nyuma ya mlango zilikuwa za Cecily mwenyewe, "mabakuli ya zamani, usijisumbue," na Avis hakuwahi kujisumbua. Safari hii alipanda ngazi ndogo, akaondoa bakuli la kwanza, la pili. Nyuma yake akaona utepe.

Zilikuwa chupa za jemu. Zake. Zimepangwa mwaka baada ya mwaka, kila moja na karatasi yenye mwandiko wake, kila moja na utepe wake. Za kwanza zilikuwa zimegeuka rangi ya chai ya rangi. Hakuna hata moja iliyofunguliwa.

Avis alikaa juu ya ngazi. Kwanza alisikia aibu, kisha hasira, hasira hasa, ya kupanda shingoni. Angesema hapendi! Angempa mbwa! Miaka yote anabeba chupa kifuani kwenye theluji, anaambiwa asante mpenzi, kumbe inafichwa rafuni kama kiatu cha marehemu. Alishuka na chupa moja, akaenda nayo mpaka chumba cha mbele, akaiweka juu ya boksi la vijiko.

"Naona haikupendeza, Bi. Lovatt," alisema. Kwa mtu wa Hallingsett, hayo ni matusi ya nguoni.

Cecily aliiangalia chupa. Uso ulimbadilika, ukawa mwekundu, kisha mweupe.

"Oo, Avis. Nilikusudia kuzitoa kabla hujafika huko juu. Nilishindwa kupanda."

"Ungesema tu. Ningekuletea keki."

"Sikuweza kuila. Wala sikuweza kuitupa." Cecily alishika mikono yake miwili pamoja. "Ningekuwa namtupa nani?"

Avis alitafuta kiti kwa mkono, akakaa. Miaka arobaini hakuwahi kukaa chumba kile.

"Mchimbaji alikuta kasha la bati," Cecily akasema polepole. "Ijumaa jioni, wewe umeshaondoka. Geoffrey akalifungua, akalifunga. Tulipaswa kuita polisi, najua. Lakini aliona ile shali, ilivyokunjwa vizuri. Akasema, huyu mtu alizikwa na watu waliompenda. Akamrudisha pale pale, na asubuhi akamwamuru fundi apindishe mfereji. Fundi alitukasirikia wiki nzima."

"Mlijua ni wa nani?"

"Mwanzo hapana. Halafu mleta barua akatuambia wewe ni binti wa akina Garrod, mlikaa hapa. Na kila majira ya theluji nilikuwa nakuona dirishani, unasimama pale chini ya mti na kitambaa cha vyombo mkononi, unajidai unakausha."

"Na hukusema."

"Niliona si mahali pangu, Avis. Nilidhani ungetaka tujue, ungetuambia."

"Nami niliona si mahali pangu," Avis akasema.

Walikaa hivyo, vikongwe wawili, maboksi katikati yao. Avis ndiye aliyeanza kucheka, kisha akawa halii wala hacheki, kitu cha katikati, na Cecily akamsukumia leso bila kumwangalia, kama wanavyofanya watu wa huko mtu anapolia.

"Ile jemu ni ya kuliwa," Avis alisema. "Mama ndiye aliyesema. Alisema naye atoe chochote nyumbani, kama wenzake. Sisi tulikuwa tunakula. Mimi hata leo asubuhi nimekula."

"Mungu wangu," Cecily alisema. "Na mimi nimemweka rafuni."

Hapo ndipo Avis alipomwambia ya mtoto na ya kasisi, kisha ya bwawa la kuogelea. Cecily hakuwa amesikia, masikio yake si mazuri tena, na Giles hakuona sababu ya kumweleza. Alisikiliza mpaka mwisho. Aliuliza wanunuzi wanarudi lini, akaambiwa keshokutwa, kutoa neno la mwisho.

"Leta tosti keshokutwa," alisema. "Na siagi nzuri."

Siku hiyo Avis alitandika meza barazani, kitambaa cheupe, vikombe vya harusi. Hakujua Cecily amepanga kusema nini, na hakuuliza. Cecily mwenyewe alishuka amevaa mkufu wa lulu, akaketi, akamwambia Avis avute kiti. Avis akabaki amesimama kwanza.

"Kaa, Avis," Cecily akasema. Akakaa.

Giles Tranter alitazama kile kiti, akatabasamu zaidi. Bwana Hartnoll alikuwa anaongea juu ya mabomba. Mkewe, Imogen, alikuwa ameuma tosti, akafumba macho.

"Hii ni nini? Ni tamu mno!"

"Jemu ya matufaha-mwitu," Cecily alisema. "Kaipika Avis. Ya mti ule mnaotaka kuung'oa."

"Aa," alisema Bwana Hartnoll, akacheka kidogo. "Basi tutaomba chupa kadhaa kabla hatujaung'oa."

"Hamwezi kuung'oa. Mdogo wake Avis amezikwa pale."

Giles alipaliwa na chai. Ilimtoka puani, ikamwagikia koti. "Bi. Lovatt," alisema anakohoa, "labda tungezungumza pembeni kwanza..."

"Nimezungumza pembeni miaka arobaini, kijana. Inatosha." Sauti ya Cecily haikupanda hata kidogo. "Familia ya Avis ilikaa nyumba hii kabla yetu. Mtoto alifariki siku ya kuzaliwa, kanisa likamkataa, baba yake akamzika pale. Nimeshamwambia wakili wangu aandike kwenye hati ya nyumba kwamba pale hapachimbwi, sasa wala baadaye. Yeyote atakayenunua atanunua hivyo."

Bwana Hartnoll alikiweka chini kipande chake cha tosti, taratibu, kama kilikuwa na joto. Alifuta vidole. Imogen alikuwa bado ameshika chake. Aliutazama mti, kisha akamgeukia Avis.

"Pole sana," alisema. "Alikuwa anaitwa nani?"

Cecily alifungua mdomo ajibu, akaufunga. Hakuwa anajua. Alijua shali, alijua kasha, alijua kila kitu, ila hilo hakuwahi kuuliza. Akamgeukia Avis naye, anasubiri.

Mtoto yule hakupewa jina. Mama hakumtaja, baba hakumtaja, daftari la kanisa halikuwa na nafasi yake. Lakini msichana wa miaka saba alikuwa amempa jina, siku ile ile, chini ya blanketi, kwa sauti ya ndani, na alikuwa amelitunza kwa miaka karibu sabini bila kulitoa nje. Ron hakulisikia, wala Keith. Avis aliweka kikombe chini.

"Dennis," alisema. Akaona haikutosha, akarudia. "Dennis Garrod."

"Dennis," Imogen akasema, akamalizia tosti yake yote.

Akina Hartnoll hawakununua. Kesho yake Giles alipiga simu, akasema wanunuzi wamefikiri upya, na kwamba kwa heshima zote, kumpa mnunuzi habari kama zile pamoja na siagi si utaratibu wa kuuza nyumba. Cecily alimwambia apunguze bei. Fennings ikakaa baridi nzima bila mtu wa kuiuliza. Binti yake Cecily alikuja mara mbili kutoka Bath akagomba jikoni, akasema mama amechanganyikiwa, na mara zote mbili Cecily alimwambia anywe chai. Masika, jozi ya walimu wastaafu wenye mbwa wanne wakainunua, wakasaini hati na ule mstari wake wa kutochimba, wakasema hawajui hata kuogelea.

Siku ya kuondoka kijiji kizima kilikuwa kinapita tu. Lori la mizigo lilikuwa limeshatangulia. Cecily alikuwa ameketi kiti cha mbele cha gari la binti yake, na mapajani amepakata boksi lililopigwa kamba, alilokataa lipakiwe lorini. Avis aliinama dirishani.

"Zitakuumiza magoti chupa hizo, Bi. Lovatt. Nzito."

"Niite Cecily, kwa ajili ya Mungu," alisema. "Nitaanza na ile ya kwanza kabisa. Unadhani imeharibika?"

"Imezidi sukari. Haiharibiki. Kwangua juu tu."

"Nitakupigia simu Jumapili nikwambie."

Wakapeana mikono. Kisha Cecily, ambaye hajawahi kumkumbatia mtu barabarani tangu azaliwe, alitoa kichwa dirishani akambusu Avis shavuni, upande wa sikio, kwa kukosea shabaha. Gari likaondoka.

Avis alizunguka nyumba kwa upande wa mbele, si wa jikoni, akapita kwenye nyasi mpaka mwisho wa uwanja. Mtufaha ulikuwa umejaa maua meupe. Hakuchukua kitambaa cha vyombo. Alikaa chini, pale pale kwenye umande, miguu imenyooka mbele, na yeyote anayepita barabarani aone akitaka kuona.

"Dennis," alisema kwa sauti. "Hujambo?"

Barabarani, Pauline Nunn, ambaye alikuwa anapeleka barua posta, alisimama, akamsikia, akaendelea na njia yake.